Migomba ya Bibi Karani

Wanawake wa Mtoni waliopita asubuhi kwenda kwenye majaruba ya chumvi walikuwa na kichekesho chao kimoja kisichochakaa: Kasimiri na ufagio.

"Jamani, mke wa Kasimiri kaamka!" husema mmoja, na wenzake huangua kicheko, maana Kasimiri hakuwa na mke. Aliyekuwa akifagia ule uwanja wa mchanga kwa ufagio wa chelewa alikuwa yeye mwenyewe, mwanaume mrefu mwenye mvi za kwanza kandoni mwa masikio, ameinama, hatazami njiani. Aliwasikia. Aliwajibu, "Nyie nanyi," kwa sauti ndogo isiyofika hata nusu ya uwanja, akaendelea kufagia.

Wasichokiona wale wanawake ni mahali alipokoma. Kati ya uwanja wa Kasimiri na uwanja wa jirani yake hapakuwa na ua wala senyenge. Mpaka ulijulikana kwa ufagio. Jirani alifagia kutoka kwake kuja huku, Kasimiri akafagia kutoka kwake kwenda kule, na pale michirizi ya chelewa ilipokutana, kama nywele zilizochanwa kwa vitana viwili, ndipo kiwanja cha mmoja kilipoishia na cha mwingine kilipoanza. Na kwa miaka sita Kasimiri alikuwa akikoma mapema. Si sana. Upana wa kiganja, na baada ya miezi kadhaa kiganja kingine. Hakumwambia mtu.

Jirani huyo alikuwa mwanamke, na jina lake Genoveva.

Kasimiri alizaliwa upande wa Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji hufuatwa bondeni kwa mwendo wa nusu siku. Kuchonga alijifunza kwa baba yake. Mwaka 1936 alikuja Dar es Salaam kama walivyokuja wengi wa kwao, sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori, akafanya kibarua cha kubeba magunia bandarini kwa miaka saba. Mgongo ulipoanza kumsema, akarudia tezo na patasi. Watu wa kawaida aliwachongea vinu, miiko na mbuzi za kukunia nazi. Vinyago vya mpingo alimpelekea Mhindi mmoja mwenye duka mjini.

Habari ya kuoa ilikuwa imemshinda mapema. Mara mbili ndugu zake walimtafutia mchumba, na mara mbili alishindwa kutamka neno mbele ya wazee wa binti. Mara ya pili alikaa mkekani toka saa nne hadi adhuhuri akitazama vidole vya miguu yake, mpaka baba wa binti akauliza, bila ubaya, kama mgeni alizaliwa bubu au aliugua. Habari ile ilifika Dar es Salaam kabla yake.

Kiwanja alipewa mwaka 1943 na Mzee Kondo, Mzaramo mwenye minazi mingi kandokando ya barabara ya Kilwa. Masharti yalikuwa mafupi. "Panda muhogo, panda mbaazi, panda chochote kinachokufa," alisema Mzee Kondo. "Mnazi na mwembe usinipandie. Mtu akishapanda mnazi, kesho anasema shamba lake." Kisha akamwonyesha mpaka: kutoka ule mnazi wenye pengo la shoka hadi kwenye kichuguu.

Mwaka uliofuata, upande wa pili wa mpaka ule, upande wa mawio, akaja Revelian, karani wa reli, na mkewe Genoveva. Walikuwa Wahaya kutoka Kiziba, kule Bukoba. Walishusha masanduku mawili, picha ya Bikira Maria, na gunia lililolowa maji. Ndani ya gunia mlikuwa na machipukizi matatu ya migomba. Yalisafiri kwa meli ya ziwa hadi Mwanza, kisha treni, na kila treni iliposimama Genoveva alishuka kutafuta maji ya kulilowesha gunia. Mzee Kondo alicheka hadi akashika kiuno.

"Umebeba migomba toka Bukoba, mwanangu? Hapa Dar hukuiona?"

"Si kama hii, baba."

Revelian, mtu aliyependa mambo yawe wazi, akauliza, "Je, mzee, mgomba ni kitu kinachokufa?"

Mzee Kondo akafikiri. "Unazaa mara moja, unakufa. Pandeni."

Mawili yalikufa kwa joto na mchanga. La tatu Genoveva alilikatalia kufa. Alilimwagia maji ya vyombo, akalipa majivu na samadi, akalifunika mguuni kwa majani makavu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Likashika, karibu kabisa na mpaka, kwa sababu hapo ndipo udongo ulipokuwa mweusi kidogo.

Siku moja, Revelian angali hai, Genoveva alisimama na kumwambia Kasimiri maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia. "Kwetu, Bwana Kasimiri, nyumba hukaa katikati ya migomba. Huioni mpaka ufike mlangoni. Hapa nyumba zenu zimesimama juani tupu. Mie najiona kama nimetoka bila nguo."

"Ndiyo," alisema Kasimiri.

Wiki nzima baadaye, akichonga, alitunga majibu mazuri zaidi.

Revelian alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika masika ya mwaka 1946. Watu wote walijua mjane atarudi kwao. Hakurudi. Kibanja cha Revelian, yaani nyumba na migomba yake kule Kiziba, kilichukuliwa na ndugu zake wa kiume, maana Genoveva hakuwa na mtoto wa kumrithisha. "Nirudi nikamwombe shemeji jani la mgomba nilioupanda mie mwenyewe?" alimuuliza Bi Sikujua, mpika vitumbua wa jirani, aliyekuja kumfariji. Akabaki Mtoni, akishona nguo za watoto kwa mkono. Watu waliendelea kumwita Bibi Karani, ingawa karani alikuwa kaburini.

Na tangu mwaka ule, migomba yake ilianza kuja.

Mgomba wa kwanza ulikuwa umezaa, ukakatwa. Uliofuata ulisimama hatua fupi kutoka pale wa kwanza ulipokuwa, kuelekea machweo. Ule ulipozaa na kukatwa, uliofuata ulisimama machweo zaidi. Kasimiri alimwona Genoveva mara kwa mara ameinama na kijembe kidogo kwenye mashina, akichimbua kitu na kukitupa. Kwao uwandani migomba ilikuwa michache na ya kujiotea, basi alidhani anapalilia. Kufika mwaka 1949 migomba ilikuwa juu ya mpaka. Kufika 1952 ilikuwa minne mikubwa, hatua nne kamili ndani ya kiwanja cha Kasimiri.

Aliyekuwa na maneno juu ya jambo hili alikuwa Nikodemu. Nikodemu alikuwa mchongaji mwenzake, mtu wa kwao, mfupi, mwenye mdomo mwepesi kama cherehani, na kila siku alikuja na gogo lake kukaa naye kibandani.

"Anakumega, ndugu yangu," alisema, akiwa ameshikilia kipande cha mpingo kwa nyayo za miguu. "Anakumega kama ugali. Tonge kwa tonge."

"Migomba tu hiyo."

"Migomba tu! Mwaka juzi ilikuwa kule. Leo iko hapa. Mwakani utaamka ukute mkungu kitandani. Tena kaka, hawa watu wana akili! Hakuvamii, ungepiga kelele. Anakunyemelea."

Bi Sikujua, aliyekuwa akipita na sinia lake la vitumbua, naye hakukosa neno. "Bibi Karani hana haraka. Anajipenyeza tu, kama maji chini ya mkeka. Na wewe Kasimiri umekaa juu ya mkeka unalowa, hata kusema 'nalowa' huwezi."

"Hakuna neno," alisema Kasimiri.

"Kwako siku zote hakuna neno! Ndiyo sababu huna mke."

Hivyo kila mtu alikuwa na jina lake kwa kile kilichokuwa kikitokea. Kasimiri alisikiliza yote na hakuna hata moja lililomkaa. Neno lake, ambalo hakulitamka, lilikuwa kusogea. Mtu husogea kwenye moto akihisi baridi. Mtu husogea mkekani ili mwenzake apate pa kukaa. Hakuona kosa ndani yake.

Kwa sababu yapo mambo ambayo Nikodemu hakuyajua. Hakujua kwamba kivuli cha migomba ile, jua la asubuhi likiwa nyuma yake, kilikuwa kimeufikia mkeka wa Kasimiri, na kwamba Kasimiri alikuwa ameusogeza mkeka ili kikae begani mwake. Hakujua kwamba zamani sauti ya Genoveva ilikuwa haifiki kibandani, na sasa, akija kumwagilia, aliweza kumsikia akisema na migomba kwa Kihaya, polepole, kama anavyosemeshwa mtu mkaidi anayependwa. Kasimiri hakuelewa hata neno moja. Aliacha kupiga tezo ili asikie.

Na kwenye sanduku lake la bati, chini ya nguo za kanisani, palikuwa na miiko sita. Kila mwaka, kabla ya Noeli, alichonga mwiko mmoja wa mninga, mzito, mpini mrefu, wa mtu apikaye ndizi nyingi. Kila mwaka alikusudia kuupeleka. Alifika nao hadi kwenye migomba, akasimama, akasikia mlango wa Genoveva ukilia, akarudi.

Nikodemu alipochoka kusema alifanya alichodhani ni wema. Alikwenda kwa Jumbe Pazi, mtu wa serikali pale Mtoni, akamweleza kwamba ndugu yake ni mpole kupita kiasi na mjane wa karani anamwingilia mpaka. Jumbe akasema atakuja Jumamosi na kamba. Kitakachokutwa upande usio wake kitakatwa.

Kasimiri aliposikia, tezo lilimponyoka.

"Umefanya nini, Nikodemu?"

"Nimekusemea. Si huwezi kusema?"

Ijumaa Bi Sikujua alikuja, safari hii bila mzaha. Aliweka sinia chini. "Nimetoka kwa Bibi Karani. Anafunga masanduku. Nimemuuliza, mwenzangu, migomba minne tu, utapanda mingine. Kaniambia: 'Bi Sikujua, nilibeba watoto watatu wa mgomba toka Kiziba, akapona mmoja tu. Ikikatwa hii, sina kinachonikalisha hapa. Jumatatu napanda treni.'" Akamtazama Kasimiri kwa muda. "Sijui kwa nini nakwambia wewe. Ni kama kumwambia kinu."

Jumamosi uwanja ulijaa watu. Jumbe Pazi alikuja na kofia yake nyekundu, kamba begani na panga mkononi. Mzee Kondo, ambaye sasa macho yalikuwa yamefifia, aliletwa akiegemea mkongojo. Genoveva alikuwa amesimama kando ya migomba yake, amejitanda kanga nyeusi ya ujane, na pembeni yake alikuwepo Mzee Ansbert, fundi cherehani wa Buguruni, Mhaya mwenzake aliyeombwa aje ili asiwe peke yake.

"Shikamoo Jumbe," walisema watu.

"Marahaba. Kamba hii haina shemeji wala mjomba. Shika huko."

Kamba ikafungwa kwenye mnazi wenye pengo, ikanyooshwa hadi kichuguu. Ikaonekana wazi, hata kwa asiye na macho. Migomba yote minne ilikuwa upande wa Kasimiri.

"Mama," alisema Jumbe, "migomba yako imefikaje huku?"

"Imetembea, Jumbe."

Watu wakacheka. "Imetembea!" alidakia Nikodemu. "Ilivaa viatu gani?"

Kicheko kile kilimchoma Mzee Ansbert. Alikuwa mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni, na migomba kwake haikuwa jambo la kuchezewa. "Mnacheka nini?" alisema. "Anasema kweli. Mgomba unatembea. Mama anazaa, anakatwa, mtoto wa pembeni anachukua nafasi. Mtoto naye anazaa pembeni. Mtu akikaa miaka ishirini ataukuta umevuka uwanja."

"Kwa hiyo umejiendea wenyewe," alisema Jumbe, kama mtu aliyepata njia ya kumaliza.

"Hapana!" Ansbert aliona amekosewa heshima mara ya pili. "Uende wenyewe kama mbuzi? Mwenye shamba ndiye huupeleka. Watoto huota pande zote. Unawachimbua wote, unamwacha mmoja tu. Ukimwacha wa mawio, mgomba unakwenda mawio. Ukimwacha wa machweo, unakwenda machweo. Kwetu hata mtoto mdogo anajua hi..."

Hapo akasikia alichokuwa akisema. Akashika futi yake kwa mikono miwili.

Jumbe Pazi akamgeukia Genoveva. "Kwa hiyo, mama, miaka sita hii ulikuwa ukimwacha mtoto wa upande huu."

"Ndiyo, Jumbe."

"Kila mara."

"Kila mara."

"Kwa kujua."

"Kwa kujua."

"Basi huko ndiko kuingilia mpaka wa mtu, wala hakuna jina lingine." Jumbe alisema bila furaha. "Una la kujitetea?"

Genoveva alivuta kanga ikamfunika nusu ya uso. "Ikateni," alisema.

Kasimiri alikuwa amesimama nyuma ya watu, akitazama vidole vya miguu yake. Lakini akili yake ilikuwa imeinama pamoja na Genoveva kwenye mashina, kijembe mkononi. Kumbe hakuwa akipalilia. Alikuwa akichagua. Na Kasimiri aliinua macho, akatazama ng'ambo ya nyumba ya Genoveva, upande wa mawio. Palikuwa na pori la Mzee Kondo, pana, bichi, udongo umelala bure tangu mwaka ule aliokuja, hakuna aliyepanda hata shina la muhogo. Mtu anayetaka ardhi angekwenda huko. Angekwenda miaka sita bila kuulizwa na mtu. Badala yake mgomba ulilipa pori mgongo, ukaletwa huku, kwenye mchanga mbaya, hatua kwa hatua, kwenye kibanda cha mtu asiyejua kusema zaidi ya ndiyo.

"Kasimiri," aliita Jumbe. "Mwenye haki ni wewe. Toa neno, nikate."

Watu wakampisha njia. Ikawa kama ule mkeka wa posa wa zamani: wazee mbele, macho yote juu yake, ulimi umelala mdomoni kama jiwe. Nikodemu akamsukuma ubavuni. "Sema basi!" Bi Sikujua akatikisa kichwa. Jumbe akangoja, akangoja zaidi, kisha akashusha pumzi na kuinua panga kwenye shina la kwanza.

"Mpaka haupo hapo," alisema Kasimiri.

Panga likasimama. "Umesemaje?"

"Hapo penye kamba. Mpaka haupo hapo."

"Uko wapi?"

"Kwenye ufagio." Sauti yake ilikuwa imekwisha kutoka, na kilichotoka hakirudi. "Zamani nilikuwa nafagia hadi kwenye kamba. Kisha nikawa nakoma huku. Kila baada ya miezi nikawa nakoma huku zaidi. Ulizeni wanawake wa chumvi kama sifagii, wananicheka kila siku. Hakuingia kwangu. Nilikuwa namwachia."

"Unamwachia kiwanja chako? Kwa nini?"

Kasimiri alimtazama Jumbe, akamtazama Mzee Kondo, akakosa pa kutazama, akautazama mgomba.

"Nilitaka aje," alisema.

Bi Sikujua akaachia kigelegele, akakiziba katikati kwa kiganja kwa sababu mbele yake kulikuwa na kanga nyeusi. "Ee Mungu! Kinu kimesema!"

Jumbe Pazi aliteremsha panga. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akamgeukia Nikodemu. "Wewe ndiye uliyeniita hapa. Niambie, nani kashitaki na nani kashitakiwa?" Nikodemu akajisogeza nyuma ya Bi Sikujua. "Mie nimekuja kupima kiwanja," alisema Jumbe akikunja kamba, "sikuja kuozesha. Mzee Kondo, shamba lako hili, unasemaje?"

"Mimi nilisema wapande kinachokufa," alisema Mzee Kondo. "Naona hiki kimekataa. Nirudisheni nyumbani, jua kali."

Anayedhani mambo yaliishia hapo hamjui Kasimiri. Kwa wiki mbili hakuthubutu kutoka na ufagio kabla hajahakikisha uwanja wa pili ni mtupu. Genoveva naye alifungua masanduku, akayafunga, akayafungua. Hatimaye ni yeye aliyekuja. Alipita kati ya migomba, akasimama mwanzo wa mkeka.

"Bwana Kasimiri, Jumatatu napanda treni."

Kasimiri akashika tezo kwa nguvu.

"Nakwenda kumwambia baba yangu," alisema Genoveva. "Yu hai bado. Siwezi kuolewa kama kitu kilichookotwa njiani. Nitachelewa. Bukoba si Buguruni."

"Ndiyo," alisema Kasimiri. Kisha, kwa kuwa safari hii aliona aibu ya kulirudia lile neno moja, akaongeza, "Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na miiko sita imefungwa kwa kitambaa. Genoveva akaifungua mmoja mmoja.

"Sita? Nina sufuria mbili!" alisema akicheka.

"Ni ya tangu arobaini na sita."

Genoveva hakucheka tena. Alipitisha kidole kwenye mpini wa ule wa kwanza, akachagua huo kwa safari, mitano akamrudishia amtunzie. Kisha akampeleka kwenye migomba, akamwonyesha mmoja wenye mkungu mchanga. "Huu utakomaa sijarudi. Ukate, kula ndizi, mpelekee Bi Sikujua. Chini yake watoto wataota. Waache wafike magotini, kisha wachimbue wote, umwache mmoja."

"Yupi?"

"Unaniuliza mie?" alisema Genoveva.

Akaondoka mwezi wa tano. Mwezi wa nane ikaja barua fupi, ambayo Kasimiri aliisoma kwa kidole, neno kwa neno: amefika, baba anaumwa, anamuuguza. Baada ya hapo hakuna kilichokuja. Kasimiri alifagia viwanja vyote viwili, kutoka mlango wake hadi mlango wa Genoveva, mchirizi mmoja mrefu usiokutana na mwingine. Wanawake wa chumvi walipita, na siku hizi hawakucheka. Walisema, "Umeamkaje, Kasimiri," naye akajibu kwa sauti iliyowafikia. Alimwaga maji ya vyombo kwenye mashina. Alileta samadi toka kwa mfuga mbuzi. Siku moja, alipohakikisha Nikodemu hayupo, alijaribu kusema na migomba. Kihaya hakukijua, basi akasema kwa Kimakonde, akiiuliza kama joto si kali sana.

"Atarudi?" aliuliza Nikodemu, na safari hii aliuliza kwa upole.

"Sijui."

"Baba akifa, kaka zake watamshika."

"Sijui, Nikodemu."

Mkungu ukakomaa, akaukata. Mvua za vuli zikaanza, na chini ya shina machipukizi yakatoka, manne, kila moja upande wake, yamekunja majani kama mianzi midogo. Yakafika magotini. Kasimiri aliyazunguka siku tatu na kijembe cha Genoveva mkononi. La mawio lilielekea nyumba tupu ya Genoveva. Mawili ya pembeni hayakuelekea popote. La nne, lililo dogo kuliko yote, lilikuwa limejitokeza karibu na mlango wa kibanda cha Kasimiri kiasi kwamba likikua majani yake yangekwangua ukuta. Mchongaji hukata mti uliokwisha kufa, haogopi. Mkono wake haukuwahi kuchagua kitu kitakachoendelea kukua akiwa hajui nani atakula. Siku ya nne alipiga magoti, akachimbua matatu, akayaweka kando kwa adabu, akafunika mguu wa lile dogo kwa majani makavu.

Genoveva alirudi Alhamisi moja kabla ya Noeli, na sanduku moja tu, amekonda, kitambaa cha msiba kichwani. Bi Sikujua alimwona wa kwanza na kupiga kelele mpaka vitumbua vikaungua. Kasimiri alisimama kibandani na vumbi la mpingo mikononi, maneno yote aliyotunga kwa miezi saba yametawanyika kama kuku.

Genoveva hakumtazama kwanza yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akaweka sanduku chini, akainama, akafunua majani makavu.

"Umemwacha huyu?"

"Huyo."

"Kasimiri, huyu ataziba mlango wako."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo, jina tupu.

"Mlango nitauhamisha," alisema Kasimiri.